Figo haifanyi kazi peke yake: Funzo kutoka Turkana

Ukisafiri saa nane mchana katika barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, huenda ukamwona mchungaji akifuata mbuzi wake juani, na maji aliyobeba ni kidogo mno. Joto limepita nyuzi 35. Wewe uliyezoea maji ya mfereji ungekuwa umeshikwa na kichwa na kuishiwa nguvu. Yeye anaendelea na safari. Je, mwili wake unawezaje? Na ni nani anayelipia utafiti wa kutupatia jibu?

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kwanza, tuone mwili hufanya nini wakati wa joto. Ngozi hutoa jasho ili kuupoza mwili. Jasho likitoka, maji ya damu hupungua na chumvi yake huzidi. Ubongo hutambua jambo hilo upesi. Hukuletea kiu, kisha huiamrisha tezi ndogo iliyo chini yake kuachilia homoni ya kuzuia maji yasipotee.

Homoni hiyo husafiri katika damu hadi kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, lakini karibu yote hurudi mwilini. Ni lita moja au mbili tu zinazotoka kama mkojo. Homoni ikifika, figo hurudisha maji mengi zaidi, na mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Wakati huohuo moyo hupiga haraka ili damu iwatosheleze wadai wake wote.

Umeona, msomaji? Jambo moja tu, ukosefu wa maji, limeshughulisha ngozi, ubongo, tezi, damu, moyo na figo. Anayechunguza figo peke yake atajua mengi kuhusu figo, lakini hatamwelewa yule mchungaji.

Waliochunguza mwili mzima

Turkana ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo wataalamu walijaribu kutazama mambo haya yote kwa pamoja. Katika miaka ya 1980, mradi wa kuchunguza mazingira ya Turkana Kusini, uliopata fedha za Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, ulifanya kazi miongoni mwa wafugaji wa Ngisonyoka. Walichunguza nyasi, mifugo, maziwa, ukuaji wa watoto na uzazi wa akina mama, wakiyahesabu yote kuwa mambo ya mfumo mmoja. Kitabu cha kukusanya matokeo hayo kilitoka mwaka 1999.

Baadaye wataalamu wa Kenya walishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya kuwapima Waturkana 1,226 watu wazima. Wale wa mashambani, wafugaji na wasio wafugaji, walikuwa na afya njema ya moyo. Waliohamia mijini ndio waliokuwa na uzani mkubwa na shinikizo la damu lililopanda. Waliozaliwa mahali penye watu wengi walikuwa na matatizo zaidi wakiwa wazima.

Mwaka 2025, katika jarida la Science, watafiti hao walieleza jambo jingine. Walisoma jeni zote za watu 367 na kukuta jeni moja, STC1, imebadilika kwa Waturkana. Inaamka homoni ya kuzuia maji inapotolewa, na pia huelekea kuzikinga figo dhidi ya taka za nyama nyekundu, ambazo kwa watu wengine huweza kuleta jongo. Takriban asilimia 90 ya waliopimwa walikuwa wamepungukiwa maji mwilini, lakini kwa jumla walikuwa wazima.

Hapa ndipo penye hatari. Watafiti wanaonya kwamba urithi uliomfaa mtu nyikani huenda ukamletea maradhi mjini, anapokula vyakula vingine na kukaa kutwa bila kutembea.

Pesa hutoka wapi?

Utafiti wa namna hii ni wa gharama na hauna haraka. Unahitaji gari, petroli, jokofu la kuhifadhia damu, wakalimani wa Kiturkana, na kumrudia mtu yuleyule miaka nenda miaka rudi. Wafadhili wengi hupendelea ugonjwa mmoja, dawa moja na matokeo ya upesi.

Tena fedha nyingi hutoka nje. Mwezi wa Mei 2025, taasisi za afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utoaji mpya wa fedha zinazopitishwa kwa washirika wa nchi nyingine, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilitaka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Lengo hilo halijafikiwa.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe? Lodwar imepanuka tangu iwe makao makuu ya kaunti mwaka 2013. Kakuma imekua tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992. Ukame wa kuanzia 2020 uliua mifugo na kuwasogeza wafugaji mijini. Mtu huhama nyikani mara moja. Asipopimwa leo, hakuna fedha za kesho zitakazorudisha vipimo vya leo.

Ufanye nini?

Ikiwa wewe au wazee wako mmehamia mjini kutoka kwenye ufugaji, pimeni shinikizo la damu na sukari hata kama hamuumwi. Punguzeni chumvi na soda, na endeleeni kutembea. Usimwige mchungaji kwa kujinyima maji. Mkojo wa rangi nzito ni ishara kwamba mwili unayadai.

Na watafiti wakibisha hodi, waulize wanapima nini, matokeo utayapata lini, na nani atarudi mwakani kukupima tena. Swali hilo la mwisho ndilo la pesa.