SOMO LETU: Damu kwenye mkojo isingojewe



Hapa Luanda Kotieno mtu akikojoa damu husemwa, "Ni kichocho cha ziwa, kitapita." Tuangalie vizuri. Kichocho cha ufuoni mwa Ziwa Victoria mara nyingi hushika utumbo na ini, na damu huonekana kwenye choo kikubwa. Kile cha kibofu kimeenea zaidi Pwani, kama vile Kwale na Tana River. Basi damu kwenye mkojo yaweza kuwa kichocho, lakini pia maambukizi, mawe, tezi dume au saratani. Kujua ni kupimwa.

Tufanye nini?
1. Mgonjwa aende kituo cha afya mapema, hata kama hasikii uchungu.
2. Anywe maji yaliyochemshwa, isipokuwa daktari amempunguzia.
3. Akiwekewa mpira wa mkojo, tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa. Mfuko uning'inie chini ya kibofu, usiguse sakafu.
4. Mkojo ukikataa kabisa kutoka, au homa ikipanda, tusingoje asubuhi.

Tujadiliane: Je, mfuko wa kikundi chetu unaweza kukopesha nauli ya mgonjwa usiku? Nani aamshwe?