Somo: Gegedu la Mbuzi na Gegedu la Konokono

Mkichinja mbuzi, tazameni sikio, koromeo na ncha za mifupa. Mtaona kitu cheupe, kigumu kidogo, kinachopindika bila kuvunjika. Ndilo gegedu, yaani mfupa mwororo.

Konokono hana mfupa hata mmoja. Lakini kinywani, chini ya ulimi wake wenye vijino vingi vidogo sana, mna kitu kama gegedu. Kinashikilia ulimi unapokwaruza mboga zenu.

Tofauti ni nini? Mbuzi akiwa tumboni mwa mama yake, miguu yake huanza kuwa gegedu. Halafu mfupa wenye chokaa hushika mahali pake. Kifaranga ndani ya yai ni vivyo hivyo. Gegedu la konokono haligeuki mfupa. Chokaa yake huiweka katika gamba.

Kuku mchanga akikosa chokaa na jua, miguu hupinda, na sokoni hapati bei. Basi fanyeni hivi:

1. Toeni vifaranga juani kila siku.
2. Okoteni magamba matupu ya konokono, myachemshe, myakaushe, myatwange.
3. Wekeni unga huo katika chombo cha peke yake. Kuku wa mayai watakula kadiri ya haja yao.