Mtoto njiti: kwa nini abebwe kifuani?

Wewe wa Tukuyu unaijua baridi ya Juni na Julai, sweta mbili na bado unatetemeka darasani. Sasa fikiria mtoto njiti wa kilo moja na nusu. Chini ya ngozi hana mafuta ya kutosha, joto linamtoka haraka.

Zamani hospitali nyingi zilimweka kwanza kwenye mashine ya joto. Hali ikitulia ndipo mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Kwa nini kusubiri? Kuanzia 2017 watafiti walipima jambo hilo kwa watoto 3,211 katika hospitali 5: za Ghana, India, Nigeria, jirani zetu Malawi, na Muhimbili. Matokeo yalitoka 2021. Katika kila watoto 100 waliosubirishwa, karibu 16 walifariki kabla ya kumaliza siku 28. Waliobebwa mara tu walipozaliwa, 12. Utafiti ukasimamishwa mapema, maana jibu lilishaonekana.

Usielewe vibaya, walibebwa wodini, daktari na nesi wakiwa karibu. Dada yako akijifungulia njiti nyumbani, mtoto afungwe kifuani, avalishwe kofia, wawahishwe hospitali hivyo hivyo. Mama akichoka, hata baba ana kifua.