SOMO: VIUMBE VILIVYO NDANI YA DAWA ZETU

Tunapochuma mwarobaini hapa Hale, hatuchumi majani peke yake. Ndani yake huishi fangasi wadogo wasioonekana kwa macho, wala hawaudhuru mti. Baadhi yao hutengeneza kemikali zenye nguvu.

Mwaka 1999 watafiti walieleza kemikali ya fangasi aliyepatikana kwenye mmea karibu na Kinshasa, Kongo: ilishusha sukari ya panya wenye kisukari.

Tunajifunza nini? Miti miwili ya aina moja yaweza kutofautiana nguvu, maana udongo, mvua na fangasi wake si sawa. Kwa hiyo tusikisie kipimo, wala tusiache dawa za hospitali. Na majani yaliyoota ukungu ghalani tuyatupe. Huo huweza kuwa na sumu.