Darasa la Kwanza la Yoga: Twalipia Nini?

Katika miji mikubwa ya dunia, kama London na New York, na siku hizi hata Nairobi, zipo nyumba za mazoezi ya yoga zinazopokea hasa watu wenye uwezo. Sakafu yake ni ya mbao iliyosuguliwa, taa ni hafifu, na hewa inanukia. Mara nyingi mgeni huruhusiwa kujaribu darasa la kwanza bure au kwa bei nafuu, kisha huombwa ajiandikishe kwa mwezi au kwa mwaka mzima. Hapo ndipo anapojiuliza: Je, jambo hili lastahili fedha zangu?

Swali hili ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa utaratibu. Maana katika nyumba ile viko vitu vinne vilivyotiwa ndani ya kapu moja: chumba, mazoezi, mwalimu na ahadi. Na tuvitoe kimoja kimoja.

Kwanza, chumba. Uzuri wa chumba hupendeza macho, walakini haunyoshi mgongo. Mwalimu mashuhuri wa India, B. K. S. Iyengar (1918–2014), alikuwa mtoto dhaifu aliyeandamwa na maradhi, naye akapata nguvu kwa mazoezi haya. Baadaye, alipofundisha wengine katika mji wa Pune, aliwasaidia wadhaifu na wazee kwa viti, mikanda, kamba, mablanketi na vipande vya mbao. Vitu hivi havikosekani katika nyumba za kawaida. Basi anayelipia chumba ajue kwamba analipia starehe, si afya.

Pili, mazoezi yenyewe. Neno yoga katika Kisanskriti latoka katika shina lenye maana ya kuunganisha, kama vile ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Asili yake ni ya kale sana, lakini namna nyingi za mazoezi zinazofundishwa leo zilipangwa katika karne ya 20. T. Krishnamacharya alifundisha katika jumba la mfalme wa Mysore miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Indra Devi akafungua shule huko Hollywood, Marekani, miaka ya 1940. Tangu hapo biashara imekua mno. Bikram Choudhury hata alidai kuwa na haki ya pekee juu ya mfuatano wa mikao 26 na mazoezi mawili ya kupumua, yanayofanywa katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya Marekani ilikataa dai hilo. Mtu aweza kuwa na haki juu ya kitabu alichokiandika, lakini si juu ya utaratibu wa kuupatia mwili afya. Kwa hiyo asiye na fedha asidhani kwamba amefungiwa mlango. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limewafundisha vijana kuwa walimu, nao wakaenda kuwafundisha wenzao mitaani.

Tatu, mwalimu. Hapa ndipo penye thamani, na darasa la kwanza lafaa hasa kwa kumpima yeye. Je, ameuliza habari za afya ya wageni kabla ya kuanza? Je, humwonyesha asiyeweza njia iliyo nyepesi zaidi? Je, huomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu ili kumrekebisha? Je, humwacha mnyonge apumzike bila kumtahayarisha? Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Mwenye shinikizo kubwa la damu, mwenye presha ya macho, na mama mjamzito sharti waseme mapema, kwa kuwa mikao ya kuinamisha kichwa na vyumba vya joto kali vyaweza kuwadhuru. Mficha maradhi kilio humfichua. Tena, uchovu wa misuli ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali ya kiungo ni onyo: acha mara moja, hata kama jirani yako juu ya mkeka wake anaendelea.

Nne, ahadi. Mwisho wa darasa watu hulala chali, kimya, katika mkao uitwao wa maiti. Pumzi hutulia, moyo hupiga polepole, na mtu huona raha. Raha hiyo ni ya kweli, wala hatuna sababu ya kuidharau. Lakini zipo nyumba zinazoiuza kana kwamba ni wokovu wa roho. Mwaka 1989 ofisi ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani iliwaandikia Maaskofu barua juu ya sala ya kutafakari. Barua hiyo ilikiri kwamba mazoezi ya mwili yaweza kuleta utulivu, ikaonya kwamba si sawa kuudhania utulivu huo kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Wahenga wa India nao hawakuanzia kwenye mikao. Katika mafundisho ya Patanjali yenye hatua nane, mikao ni hatua ya tatu. Hatua ya kwanza ni mwenendo mwema: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kujizuia, na kutokuwa na tamaa ya mali. Hatua hiyo haiuzwi katika nyumba yoyote, iwe ya fahari au ya udongo.

Basi, msomaji mpendwa, ukialikwa, nenda ukiwa na moyo mtulivu. Usile chakula kizito kabla yake, fika mapema, vua viatu, na uwaambie ukweli juu ya afya yako. Ukimaliza, usitie sahihi siku hiyohiyo. Lala, uamke, usikilize mwili wako unasema nini, kisha uhesabu fedha zako na mahitaji ya nyumba yako. Ukiona mwalimu ni mwema na karo haiwanyimi watoto chakula, rudi. La sivyo, tandika mkeka wako nyumbani, nyosha viungo, vuta pumzi polepole, na ushukuru.