Mdogo Wangu, Zamu ya Watu Wawili Haitibiwi kwa Pumzi

Wiki hii nina ujumbe wa binti anayehudumia wateja kwa simu. Kazini kwao wameletewa mafunzo ya kutuliza akili: fumba macho, vuta pumzi, iache fikra ije na iende zake. Kahudhuria yote, na bado kila Jumapili jioni tumbo linamsokota akiiwaza Jumatatu. Anauliza, "Dada, wenzangu wanasema yanawasaidia. Mimi nina kasoro gani?"

Huna kasoro, mdogo wangu.

Mafunzo ya namna hiyo yalisambazwa na Jon Kabat-Zinn, aliyeanza mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Sisemi ni upuuzi. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha majibu ya watu 2,250 walioulizwa kwa simu zao, wakati wowote wa siku: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu nusu ya muda akili ilikuwa imekwenda kwingine, na ikishakwenda, furaha nayo hupungua. Kwa hiyo ukila chakula chako cha mchana bila kuchezea simu, unajitendea wema.

Lakini sikia na hili. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alitoa utafiti wa wafanyakazi 46,336 katika mashirika 233 ya Uingereza. Waliopitia mafunzo kama yako, au kupewa programu za kutuliza akili kwenye simu, hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wasiopitia.

Kwa nini? Niliurudia ujumbe wako. Chini kabisa umeandika, kama jambo dogo tu, kwamba mwenzako wa zamu aliacha kazi na hajaletwa mwingine, na kwamba saa 4 usiku bosi bado anatuma kwenye kundi la WhatsApp: "Kesho mapema nataka ripoti." Jambo lenyewe ndilo hilo! Paa linavuja, wewe unafundishwa kukinga ndoo.

Christina Maslach, aliyeutafiti uchovu wa kazi kwa miaka mingi, pamoja na Michael Leiter wametaja mambo sita ya kukagua: mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, mahusiano, haki, na maadili. Chukua karatasi, yaandike, weka alama panapokuumiza. Wewe naona utaanza na mzigo.

Kisha muone bosi. Usimwambie "nimechoka", maana atakujibu kila mtu kachoka. Mwambie: "Tangu mwenzangu aondoke napokea simu za watu wawili. Naomba aletwe mtu, na kwa sasa unielekeze ipi itangulie, simu au ripoti." Nenda na mwenzako mmoja, na mkitoka andikeni mlichokubaliana. Akiona mnadeka, mpeni hoja ya biashara: watafiti waliwafuatilia wauzaji wa vituo vya simu vya BT, kampuni ya mawasiliano ya Uingereza, wakakuta wiki walizokuwa na furaha waliuza zaidi bila kuongeza saa za kazi.

Kama uko Tanzania, jua pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu: hufanywa kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Ina mipaka yake na wapo wasioguswa nayo, hasa mameneja wa juu, kwa hiyo muulize mtu wa chama cha wafanyakazi kabla hujabishana na mtu.

Pumzi endelea kuvuta, itakusaidia mteja akikufokea. Ila usingizi ukipotea wiki baada ya wiki, au chakula kikikushinda, usisubiri bosi aamue. Nenda kwa daktari, umwambie na habari za kazini.