Chuma Kipo Tele: Mafunzo Niliyopata Meru na Embu

Nashauri wakulima kuanzia Nkubu hadi Runyenjes, na siku hizi swali la mbolea ya chuma ya nano haliniishi. Nimejifunza haya.

1. Udongo wetu hauna uhaba wa chuma. Wekundu ule unaong'ang'ania gambuti ni oksidi za chuma, hematiti na goethiti, na chembe zake nyingi zina ukubwa wa nanomita makumi tu. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mlima Kenya ulitutengenezea nano kitambo, bila leseni. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, uiburure kwenye mchanga mweusi unaobaki mferejini mvua ikipita: itatoka na ndevu za magnetiti.

2. Kuwepo si kupatikana. Mmea hauli kutu. Maharagwe hutoa asidi mizizini ili chuma kiyeyuke. Mahindi hutoa kemikali za kukinasa na kukivuta ndani. Udongo ukiwa na asidi, kama ulivyo kwenye miteremko ya Manyatta na Imenti, kazi hiyo ni nyepesi. Njaa ya chuma nimeiona waziwazi kando ya jalala la majivu ya jikoni. Majani machanga ya maharagwe yalikuwa manjano yanayokaribia weupe, mishipa pekee ikibaki kijani, ilhali majani ya chini yalikuwa mazima. Ingekuwa nitrojeni, ya chini yangetangulia. Majivu, sawa na chokaa iliyozidi, yalikuwa yameondoa asidi, chuma kikagoma kuyeyuka. Mama mwenye shamba aliuliza anunue dawa gani. Nilimwambia ahamishe jalala.

3. Chuma hicho hicho hula fosforasi. Oksidi hunasa fosfeti ya mbolea ya DAP kabla mzizi haujaifikia, mahindi yakabaki mafupi yenye majani ya zambarau. Kwa hiyo sioni maana ya kumwaga oksidi zaidi kwenye udongo mwekundu. Samadi na alizeti mwitu hufaa zaidi; majaribio ya Chuka yalionyesha mahindi yakiongezeka kwa vitu hivyo.

4. Utafiti wa nano si porojo, ila una kwao. Mwaka 2016 watafiti wa China walitumia chembe za oksidi ya chuma kwenye karanga zilizopandwa katika mchanga. Mizizi ikarefuka na mimea ikanenepa. Mchanga huo unanikumbusha Mbeere, si Nkubu. Mwaka 2008 wengine walikuta malenge yakifyonza chembe za magnetiti, lakini maharagwe ya lima hayakufyonza. Dozi nayo ina neno: chuma kikizidi ndani ya jani huzaa kemikali zinazounguza seli. Anayeniambia bidhaa yake inafaa kila zao na kila udongo, namwomba kwanza matokeo ya shamba la hapa.

5. Pima udongo. Maabara za KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima, na bei ni ndogo ukilinganisha na msimu uliopotea.

6. Wengine wanaponiuliza habari za chuma huwa wanawaza damu ya watoto. Hao nawaelekeza kwenye Nyota, maharagwe ya KALRO yenye chuma na zinki kwa wingi. Wanaoyapika husema pia kwamba hayajazi tumbo gesi, na sifa hiyo, kwa kweli, ndiyo inayoyauza sokoni.